Mbiu isiyonyamaza kifuani

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hiyo tunaijua sote. Upande wake wa pili hatuusemi mara nyingi: mbiu ikishapigwa, lazima awepo wa kuinyamazisha. Moto ukishazimwa na adui akishakimbia, mbiu hukoma na kila mmoja hurudi kwake. Mji ambao mbiu yake haikomi hujaa watu wenye mapanga wasio na adui wa kupigana naye, na mwishowe panga huangukia milango ya wenyeji.

Ndivyo yanavyoharibika mapafu ya mtu anayeishi ndani ya moshi. Si moshi peke yake unaoyala. Yanaliwa pia na askari wa mwili wake mwenyewe, walioitwa kuyalinda na wasioambiwa warudi. Tangu Oktoba 2010 inajulikana sababu mojawapo ya askari hao kutorudi: moshi wa sigara humfunga mikono yule anayenyamazisha mbiu. Elimu hiyo ilitolewa na watafiti ambao mmoja wao anaongoza kundi lake la utafiti hapa London. Miaka imepita, na mzee wetu anayekohoa asubuhi kwenye ghorofa la Lewisham au Barking bado hajaisikia kwa lugha anayoielewa. Gazeti hili linasema hali hiyo haivumiliki.

Tueleze jambo lenyewe kwanza, kwa sababu anayeombwa abadilishe maisha yake ana haki ya kujua kwa nini.

Mtu akivuta hewa yenye vijidudu, mwili wake hutoa ishara za kemikali. Mojawapo ya zile kali kabisa inaitwa lukotraini B4. Kinachoitengeneza ni kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya fundi ndani ya mwili, kiitwacho lukotraini A4 hidrolesi. Wanasayansi hukiandika kwa ufupi LTA4H. Zinazoitika ishara hiyo ni nyutrofili, zilizo nyingi kuliko aina nyingine zote za chembe nyeupe za damu. Hujibanza kwenye ukuta wa mshipa, hupenya, kisha hutambaa kuelekea kule ishara inakozidi ukali. Zikifika humeza vijidudu na kumwaga vimeng'enya vya kukata. Asiye na nyutrofili za kutosha huweza kuuawa na maambukizi madogo tu.

Lakini silaha hizo hazijui kuchagua. Pamoja na vijidudu, hukata pia kolajeni, ile protini ngumu inayoyapa mapafu umbo lake kama fito zinavyouhimili ukuta wa nyumba ya udongo. Katika mabaki ya kolajeni iliyokatwa hutoka kipande kidogo sana chenye asidi amino tatu: prolini, glisini, kisha prolini tena. Kinaitwa PGP. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa maana kipande hicho nacho ni mbiu. Nyutrofili zilizo mbali hukisikia na kuja. Zikija hukata kolajeni zaidi, na kolajeni ikikatwa PGP huongezeka, na PGP ikiongezeka nyutrofili nyingine huja. Ni mduara unaojiendesha wenyewe, na mafuta yake ni mapafu.

Katika kifua chenye afya mduara huo huvunjwa, na anayeuvunja ni LTA4H ileile. Ndani ya seli, kimeng'enya hiki hutengeneza ishara ya kuita. Nje ya seli, hukata PGP vipande vipande na kuinyamazisha. Fundi mmoja, mikono miwili: mmoja wa kupiga mbiu, mmoja wa kuituliza. Wanasayansi walikuwa wanajua kwa muda mrefu kwamba LTA4H ina uwezo wa pili wa kukata vipande vya protini, ila hawakujua mwilini unafanya kazi gani. Jibu lilichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Science na Robert Snelgrove, ambaye kundi lake la utafiti liko Imperial College London, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichopo Birmingham, Marekani. Walionyesha kwamba uvimbe wa ghafla unapotokea kwenye mapafu, LTA4H huikata PGP na uvimbe hutulia.

Kisha wakaonyesha moshi wa sigara unafanya nini.

Moshi haukizimi kimeng'enya chote. Huo ndio ubaya wake. Ungekizima chote, walau mbiu ya kwanza nayo ingepungua. Moshi huzima mkono wa kutuliza na kuuacha mkono wa kuita ukiendelea na kazi. Zaidi ya hayo, kemikali za moshi huibandika PGP kiungo kinachoifanya isikatike kirahisi, kama mtu aliyevikwa ngao. Kwa hiyo pumzi moja ya sigara ina dhuluma tatu: inachokoza mapafu hadi yaite askari, inamfunga mikono wa kuwarudisha, na inaikinga mbiu isizimwe. PGP hurundikana, na nyutrofili hurundikana nayo.

Kinachofuata tunakijua kwa macho. Ni kile kikohozi cha asubuhi ambacho mtu hukiita cha kawaida. Ni kusimama katikati ya ngazi za stesheni na kujifanya unatazama simu. Ni kuacha kwenda sokoni kwa miguu, kisha kuacha kwenda msikitini au kanisani, kisha kuacha kupanda kitandani bila kupumzika. Madaktari huuita ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwamba karibu asilimia 90 ya vifo vyake vya watu walio chini ya miaka 70 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hizo ni pamoja na nchi tulikozaliwa.

Gazeti hili halitaki kumtisha msomaji kwa jambo lisilothibitishwa, kwa hiyo tuseme wazi mipaka ya ushahidi. Kilichoonyeshwa mwaka 2010 ni moshi wa sigara. Hatusemi kwamba moshi wa kuni, wa dizeli au wa udi umethibitishwa kukifanyia kimeng'enya hiki jambo lilelile kwa kiwango kilekile. Tunachosema ni kwamba akrolini, kemikali inayowasha macho na koo na ambayo watafiti wanaitilia shaka katika uharibifu huu, imo ndani ya moshi wa sigara, imo ndani ya moshi wa kuni, na imo ndani ya moshi wa magari. Tunasema pia kwamba madhara ya moshi wa aina zote hizo kwa mapafu yamethibitishwa kwa njia nyingine nyingi. Mwaka 2018 kundi la Imperial lilitoa utafiti uliohusisha PGP na pumu: panya wasio na LTA4H walipovutishwa vizio vya utitiri wa vumbi, PGP ilirundikana na njia zao za hewa zikawa nyepesi kubana. Anayesubiri kila kiungo cha mnyororo kithibitishwe kabla hajaondoa moshi ndani ya nyumba yake anasubiri kwa gharama ya kifua chake.

Tena asitokee wa kutuambia kwamba dawa iko njiani. Watengenezaji wa dawa wamekihangaikia kimeng'enya hiki kwa miaka mingi, na wazo la awali lilikuwa kukizima ili kisitengeneze lukotraini B4. Ugunduzi wa 2010 ulitoa onyo ambalo kila mmoja anaweza kulielewa: ukimfunga fundi mikono yote miwili, umezima mbiu moja na kuiachia nyingine. Kifua kikuu nacho kimefundisha somo linalokaribiana na hilo. Mwaka huohuo wa 2010, David Tobin, Lalita Ramakrishnan na wenzao, wakianzia kwa samaki wadogo na kuishia kwa wagonjwa, walionyesha kwamba tofauti za kurithi katika jeni la LTA4H zinahusiana na jinsi mwili unavyokabiliana na bakteria wa kifua kikuu, na baadaye wakaonyesha kwamba uvimbe mdogo mno una madhara na uvimbe mkubwa mno una madhara pia. Mwili unahitaji mizani. Watafiti wanaendelea kutafuta dawa itakayouacha mkono wa kutuliza ukiwa huru, nasi tunawaunga mkono. Lakini njia ya uhakika ya kuuacha mkono huo huru tunayo tayari: kuuondoa moshi unaoufunga.

Sasa tuseme na London yenyewe.

Jiji hili halijawahi kukosa elimu kuhusu moshi. Kilichokosekana ni haraka. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwahoji wagonjwa wa hospitali za London na kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Marufuku ya kuvuta sigara ndani ya maeneo ya umma ya England ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Hiyo ni miaka 57. Desemba 1952 ukungu wa moshi wa makaa uliufunika mji kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilikuwa vifo 4,000, na makadirio ya baadaye yakafika hadi 12,000. Sheria ya Hewa Safi ilikuja 1956. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minane wanaume 792 waliokuwa wakifanya kazi London. Walionyesha kwamba anayeacha sigara hazirudishi pumzi alizokwisha kupoteza, lakini kasi ya kupoteza zilizobaki hupungua hadi kukaribia ile ya mtu asiyevuta. Habari njema kuliko hiyo kwa mvutaji wa miaka 50 haijapatikana tangu hapo. Ni wangapi kati yetu wameisikia?

Swali hilo si la kejeli. Kutoambiwa huua. Ushahidi umo katika rekodi za mahakama ya jiji hili.

Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa mtoto wa miaka tisa wa Lewisham, kusini mashariki mwa London. Nyumba yao ilikuwa kiasi cha mita 25 kutoka South Circular, barabara kuu isiyolala magari. Alikuwa na pumu kali, na katika muda wa chini ya miaka mitatu alilazwa hospitali karibu mara 30. Alifariki tarehe 15 Februari 2013. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake, mwaka 2014, haukuutaja moshi. Mama yake, Rosamund, hakunyamaza. Mahakama Kuu ilifuta matokeo hayo mwaka 2019, na tarehe 16 Desemba 2020 mchunguzi wa vifo Philip Barlow alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kumuua mtoto yule. Ella akawa mtu wa kwanza Uingereza ambaye hewa chafu imeandikwa miongoni mwa sababu za kifo chake.

Barlow alisema jambo jingine ambalo kila mzazi anayesoma ukurasa huu anapaswa kulishika. Alisema mama wa Ella hakupewa taarifa kwamba hewa chafu ingeweza kuizidisha pumu ya mwanawe, na kwamba angepewa angechukua hatua. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa mwalimu, anayezungumza Kiingereza. Kama yeye hakuambiwa, mama aliyefika juzi kutoka Bukavu, Mombasa au Pemba, anayetafsiriwa na mtoto wake wa miaka kumi mbele ya daktari, ataambiwa na nani?

Hatujui, wala hakuna anayejua, LTA4H ilikuwa katika hali gani kifuani mwa Ella. Hatumtumii mtoto huyo kuthibitisha maabara. Tunamtaja kwa sababu kifo chake kilithibitisha jambo la kiserikali: palikuwa na elimu, palikuwa na vipimo vya hewa vilivyovuka kiwango cha sheria, na palikuwa na familia mlangoni. Kati ya elimu na mlango hapakuwa na mjumbe.

Wala Ella hakuwa peke yake. Watafiti wa London waliwapima watoto zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 8 na 9 katika shule za msingi za Tower Hamlets, Hackney, Greenwich na City of London, mitaa yenye wahamiaji wengi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ukubwa wa mapafu ya watoto hao ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia tano kwa sababu ya hewa wanayovuta. Pafu ambalo halikukua utotoni halifidiwi ukubwani. Mwenye nalo huanza safari na akiba pungufu, na siku atakapowasha sigara ya kwanza atakuwa anatumia kidogo alichonacho.

Yapo yaliyofanyika, na haki ni kuyataja. Eneo la kutoza magari machafu, ULEZ, lilianza katikati ya jiji Aprili 2019, likapanuliwa hadi kwenye barabara za North na South Circular Oktoba 2021, na kuifunika London yote tarehe 29 Agosti 2023. Tunawasikia madereva wetu wa teksi na wenye magari ya mizigo wanaosema paundi 12.50 kwa siku ni mzigo. Ni mzigo kweli, na asiye na uwezo wa kubadilisha gari anastahili kusaidiwa. Lakini watoto wa madereva haohao ndio wanaolala kando ya barabara hizo. Gharama ya moshi ilikuwepo hata kabla ya ULEZ. Ililipwa na vifua badala ya mifuko.

Na bado sheria iko nyuma ya sayansi. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango cha chembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu kuwa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Lengo la kisheria la England ni mikrogramu 10, nalo ni la kufikiwa mwaka 2040. Mtoto aliyezaliwa London mwaka 2025 atakuwa na miaka 15 siku hiyo ikifika, na hewa aliyoahidiwa itakuwa chafu mara mbili ya ile ambayo WHO inaiona salama zaidi. Barlow mwenyewe, katika ripoti yake ya Aprili 2021, aliitaka serikali iangalie upya viwango vyake kwa kufuata miongozo ya WHO. Chuo cha Kifalme cha Madaktari kilikadiria mwaka 2025 kwamba hewa chafu inachangia vifo 30,000 hivi kwa mwaka Uingereza. Hiyo si hesabu ya kusubiri hadi 2040.

Tukishasema na serikali, tuseme na nyumba zetu. Tahariri inayomnyooshea kidole Waziri na kuogopa kumnyooshea msomaji haina uaminifu.

Shisha imekuwa baraza letu jipya. Vijana wanaiona safi kwa kuwa ina harufu ya tufaha na inapita kwenye maji. Maji hayachuji sumu. WHO ilionya mwaka 2005 kwamba kikao cha saa moja humwingizia mvutaji moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, na Kenya ikatangaza marufuku yake Desemba 2017. Hapa London inavutwa kwenye vibaraza vya mikahawa hadi usiku wa manane, na watoto wamekaa mezani.

Kuna chetezo pia. Udi na ubani ni urithi wetu, na gazeti hili halimwambii mtu autupe urithi wake. Lakini udi uliochomwa kwenye nyumba ya Zanzibar yenye ua, madirisha ya mbao na upepo wa bahari si sawa na udi uliochomwa Januari kwenye chumba cha London ambacho madirisha yake hayajafunguliwa tangu Novemba. Pafu haliulizi kama moshi unanukia. Penye mtoto mwenye pumu, chetezo kikae mbali naye na dirisha liwe wazi. Makaa ya kuchomea nyama yasiingizwe ndani kabisa, hata kwa dakika moja, kwani hewa yake huua mtu akiwa usingizini.

Halafu kuna jiko la mama nyumbani. Anayeishi London hutuma fedha za ada, za harusi, za msiba. Wakati huohuo bibi yake, Kigoma au Kakamega, anainamia mafiga asubuhi na jioni kama alivyofanya kwa miaka 60. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Bibi hajawahi kuweka sigara mdomoni, na bado anakohoa kama mvutaji. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuifikisha kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Lengo ni zuri. Litafikiwa pale mtungi wa gesi utakapojazwa tena baada ya ule wa kwanza kuisha, na hapo ndipo ndugu aliye ughaibuni anapohitajika. Gesi ya bibi iingie kwenye hesabu ya kila mwezi kama inavyoingia kodi ya nyumba.

Tunajua pia jibu ambalo msomaji fulani analo tayari: babu alivuta hadi miaka 90. Ni kweli wapo. Wapo pia waliovuka barabara macho yamefumbwa wakafika. Tunaowakumbuka ni waliobaki kutusimulia. Waliozikwa wakiwa na miaka 55 hawana wa kuwasemea barazani.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo.

Serikali ya Uingereza isisubiri mwaka 2040, na ifuate kiwango cha WHO. Bunge liupitishe muswada unaojulikana kama Sheria ya Ella, unaotaka hewa safi itambuliwe kuwa haki ya binadamu.

Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, ihakikishe kila mzazi wa mtoto mwenye pumu anaambiwa kuhusu hewa ya mtaa wake, na anaambiwa kwa lugha anayoielewa. Mgonjwa ana haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo itangazwe kwenye ukuta wa kila zahanati, na mtoto asigeuzwe mkalimani wa mama yake. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kusikika kutoka London mwaka 1957. Jiji lililoweza kutangaza habari za dunia kwa Kiswahili kwa miaka mingi haliwezi kudai limeshindwa kuandika karatasi moja ya Kiswahili kuhusu kifua.

Vyuo vya utafiti viwaingize watu wetu katika tafiti za mapafu kama washirika, na vishirikiane na wenzao wa Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo, kimeonyesha kwamba vifaa vya kupimia hewa ya miji ya Afrika vinaweza kubuniwa Kampala. Maabara za London zinazochunguza moshi wa sigara zina wajibu wa kuuliza pia moshi wa kuni unaifanya nini LTA4H ya mwanamke aliyepika kwa miaka 40.

Maimamu, wachungaji na viongozi wa jumuiya, wakiwemo wa ndugu zetu Wabarawa wa kaskazini mwa London, watenge dakika kumi za mkusanyiko mmoja kila mwezi kwa habari ya kifua. Neno la mtu anayeaminika hufika mahali ambapo barua ya serikali haifiki.

Nawe msomaji, anza leo. Kikohozi kilichozidi wiki tatu kipeleke kwa daktari wako, usikipe jina la baridi. Kama unavuta, omba huduma ya NHS ya kukusaidia kuacha. Ipo na haina malipo. Omba upimwe nguvu ya pumzi. Mwenye pumu asiache inhela yake ya kila siku kwa sababu amejisikia nafuu wiki hii. Mtoto akienda shule kwa miguu, mpitishe vichochoro vya nyuma badala ya kando ya barabara kuu. Kisha mpigie simu mama nyumbani, umuulize amepikia nini leo.

Ndani ya kifua cha kila mmoja wetu yupo fundi mwenye mikono miwili. Mkono wake wa kutuliza hatuwezi kuununua dukani wala kuuomba kwa daktari. Tunachoweza ni kutoufunga. Rosamund Adoo-Kissi-Debrah hakuambiwa kwa wakati. Wewe umeambiwa.